Ndiyo ya Msusi

MSUSI: Haloo! Naongea na nani? Namba ndefu hivi siijui.

CHIRIKU: Dada, ni mimi. Shikamoo.

MSUSI: Mimi nani? Nina wadogo wengi mjini hapa, wengine hata sura siwajui.

CHIRIKU: Chiriku.

MSUSI: Chiriku! Marahaba, marahaba, mdogo wangu. Mbona— Mama, usitingishe kichwa, nitakusuka na sikio! —Chiriku, kuna nini? Unaumwa?

CHIRIKU: Siumwi, dada.

MSUSI: Umefukuzwa kazi.

CHIRIKU: Sijafukuzwa.

MSUSI: Basi nani kafa? Wewe hunipigii katikati ya wiki. Roho yangu iko hapa kooni.

CHIRIKU: Hakuna aliyekufa! Hebu pumua kwanza. Nimeomba ruhusa leo, natumia simu ya mwalimu, ndiyo maana namba ngeni. Kishungi hajambo?

MSUSI: Mwanao hajambo, yuko shule. Mwalimu gani tena?

CHIRIKU: Wa kuandika. Si nilikuambia? Pale tunapofulia mashuka ya hospitali, Jumapili kuna mama anakuja kutufundisha kwenye chumba cha kulia.

MSUSI: Ulisema mnafundishwa lugha yao.

CHIRIKU: Tulianza na lugha, sasa tunatunga hadithi. Tuko wanawake wa kila namna, kila mtu na kwao. Kuna Mrefu, kuna mmoja tunamwita Kimya maana anaongea kukushinda hata wewe. Tunaelewana nusu kwa maneno, nusu kwa mikono.

MSUSI: Kunishinda mimi? Wewe ndiye uliyepewa jina la ndege. Na mnatunga nini, hadithi za sabuni?

CHIRIKU: [anacheka kidogo] Tumepewa kazi moja. Kila mtu aandike habari za mwanamke aliyebaki. Yule ambaye asingebaki yeye, wewe usingeondoka.

MSUSI: Ehe.

CHIRIKU: Sasa leo tunasoma. Ukumbini, watu wamekuja, viti vimejaa. Lakini kuna sharti. Husomi mpaka yule mwanamke mwenyewe aisikie yote, aseme ndiyo kwa mdomo wake.

MSUSI: Sharti la mwalimu?

CHIRIKU: La Mrefu. Anasema kwao walikuja watu na kalamu, wakakaa na mama yake, wakamwandika, wakaenda zao. Mpaka leo mama hajui waliandika nini.

MSUSI: Huyo Mrefu ana akili zake. Kwa hiyo aliyebaki ni mimi.

CHIRIKU: Nani mwingine, dada?

MSUSI: Mimi hapa, mwenye mafuta ya nywele mpaka kwenye viwiko. Na mnasoma lini?

CHIRIKU: Sasa hivi. Mrefu yuko jukwaani, anafuata Kimya, halafu mimi.

MSUSI: Makubwa! Yaani mnataka ndiyo ya dharura, kama damu! Jana ulikuwa wapi? Juzi?

CHIRIKU: Nilikuwa nikishika simu, naiweka chini.

MSUSI: Kwa hadithi tu?

CHIRIKU: Nisome, dada?

MSUSI: Soma. Ngoja nikuweke spika, mikono ina kazi. Nina mteja mmoja tu hapa, na hawezi kukimbia, nimemsuka upande mmoja, upande wa pili kama kapigwa na umeme. —Mama, ni mdogo wangu huyo, yuko ng'ambo, amenitungia hadithi. —Haya, anasema karibu.

CHIRIKU: Mwambie asante. Ehm. Naanza. “Palikuwa na msusi. Mikono yake ilikuwa myepesi na ulimi wake mzito—”

MSUSI: Mzito wapi?

CHIRIKU: Dada, ni mstari wa kwanza!

MSUSI: Mteja anacheka mpaka nywele zinanitoka mkononi. Anasema hiyo si yangu, umekosea nyumba.

CHIRIKU: Nilimaanisha mambo yako ya moyoni huyasemi.

MSUSI: Aa. Hapo sawa. Endelea.

CHIRIKU: “Wanawake walimjia na vichwa vyao na shida zao, naye alivipokea vyote viwili. Alikuwa na mdogo wake wa kike. Mdogo huyo alikuwa na mtoto na hakuwa na mume, na nyumbani kulikuwa hakukaliki. Siku moja mdogo akasema, naondoka. Msusi hakumuuliza mtoto utamwacha na nani. Alinyoosha mikono tu, akampokea.”

MSUSI: [kwa sauti ya chini] Hiyo ni kweli. Ulikuwa hujamaliza kusema.

CHIRIKU: “Siku ya kuondoka, msusi alisimama mlangoni, mtoto mgongoni, akacheka ili mdogo wake asilie. Moyoni alikuwa na furaha, maana aliona katika nyumba ile mtu mmoja angalau—”

MSUSI: Simama hapo.

CHIRIKU: Nini?

MSUSI: Nani kakuambia nilisimama mlangoni?

CHIRIKU: Si ulisimama?

MSUSI: Aliyesimama mlangoni ni shangazi. Mimi nilikuwa nimejifungia chooni. Nilifungulia bomba maji yamwagike, nisisikie gari likiwashwa. Nilikaa mle mpaka shangazi akaja kugonga kwamba mtoto anataka kula.

CHIRIKU: Sikujua.

MSUSI: Ungejuaje? Lakini umesema ulimwona mtu anacheka. Ulimwona wapi?

CHIRIKU: Sikumwona, dada. Sikugeuka nyuma. Niliogopa nikigeuka nitashuka. Nilimtunga baadaye, nikamzoea, nikaona kama kweli. Siku nikichoka pale kwenye mashine nilikuwa namwona anacheka, napata nguvu.

MSUSI: Pole, mdogo wangu. Na furaha hiyo itoe. Sikuwa na furaha. Nilikubali, na kukubali si kufurahi. Huyo mama hapa anatingisha kichwa kwamba kweli, na nimemkataza kutingisha kichwa.

CHIRIKU: Nimeitoa. Nimekata na kalamu. Niendelee?

MSUSI: Harakisha, usije ukaitwa.

CHIRIKU: “Miaka ikaenda. Msusi hakuolewa, kwa sababu hakuwa na haja na mambo ya wanaume. Alikuwa mwanamke huru, aliyeshika maisha yake kwa mikono yake miwili—”

MSUSI: [anacheka kwa nguvu] Ebo! Hakuwa na haja!

CHIRIKU: Mwalimu aliipenda sana hiyo.

MSUSI: Muulize mwalimu kama anamjua yule bwana wa magodoro.

CHIRIKU: Bwana gani wa magodoro?

MSUSI: Yupo. Alikuwepo. Duka lake lilikuwa pale kona ya soko. Mtu mpole, hana makuu, akicheka anaficha meno. Alileta wazee wake.

CHIRIKU: Alileta wazee? Nyumbani? Mbona—

MSUSI: Walikuja mara mbili. Kila kitu kilikuwa sawa, ila alisema mtoto aende akae na shangazi, ili yeye aanze maisha yake bila mtoto wa mtu. Nikamwambia aende akaanze, basi.

CHIRIKU: Dada! Mbona hukuniambia?

MSUSI: Nikuambie ili iweje? Ungerudi?

CHIRIKU: [kimya, mtandao unakwaruza]

MSUSI: Umeona. Ungelia huko, mimi nilie hapa, godoro lisingeongezeka. Haya, soma. Lakini usiseme sikuwa na haja. Wanawake wa huko wataniona mimi mti.

CHIRIKU: Ulimpenda?

MSUSI: Nina mteja hapa, Chiriku.

CHIRIKU: Sawa. Nimekata. Imebaki sehemu moja tu. Ya mwisho. Dada, hii... usinikatize. Nisome yote, halafu useme.

MSUSI: Mbona sauti imebadilika?

CHIRIKU: Haijabadilika. Nasoma. “Ikafika asubuhi ya safari. Msusi akamkalisha mtoto kati ya magoti yake, akazichana zile nywele nzito alizozaliwa nazo, akazigawa njia, akamsuka taratibu kuliko alivyowahi kumsuka mtu yeyote. Mtoto alikuwa amemkumbatia mwanasesere wake. Msusi akamwambia, usiogope, mama yako anakusubiri upande wa pili. Akamshika mkono mpaka kwenye mlango wa vioo wa uwanja wa ndege. Kisha akaufungua mkono wake kwa moyo mweupe, na mtoto akaenda kupanda nd—” [mtandao unakwaruza] “—na msusi akarudi nyumbani akiwa mwepesi, kwa sababu kazi yake ilikuwa imekamilika.” Mwisho.

MSUSI: [kimya]

CHIRIKU: Dada? Haloo? Umenisikia hapo mwisho? Mtandao—

MSUSI: Nimesikia.

CHIRIKU: Umeionaje?

MSUSI: Subiri. Natoa spika. —Mama, samahani, shika hiki kitana. Narudi sasa hivi. Najua upande mmoja. Najua, mama. Narudi.

CHIRIKU: Dada, uko wapi?

MSUSI: Uani, kwenye pipa la maji. Chiriku, safari gani hiyo?

CHIRIKU: Ni hadithi, dada.

MSUSI: Usinifanye mtoto. Kicheko umetunga, mlango umetunga, sawa. Hiyo ya mlango wa vioo hukuitunga. Kibali cha mtoto cha kuja huko kimetoka?

CHIRIKU: [kimya]

MSUSI: Nakuuliza.

CHIRIKU: Kimetoka.

MSUSI: Lini?

CHIRIKU: Mwezi uliopita.

MSUSI: Mwezi mzima! Mwezi mzima unanipigia tunaongea habari za mvua. Mvua, Chiriku! Umeniuliza kama bati linavuja, kama yule paka amerudi, kama nimebadilisha miwani—

CHIRIKU: Nilikuwa nimedhamiria kukuambia kila mara—

MSUSI: Ukaona bora uniletee kwa hadithi. Na mbele ya mteja!

CHIRIKU: Sikujua utaweka spika! Dada, sikuwa na mdomo wa kukuambia. Nilijaribu. Nikaandika, maana kwenye karatasi unaweza kumfanya mtu akubali. Niliandika ukikubali. Niliandika mara nyingi, kila mara unakubali vizuri zaidi.

MSUSI: Na leo ulitaka niseme ndiyo kwa ile, ihesabike na kwa hii.

CHIRIKU: [analia] Sijui. Labda. Labda nilitaka hivyo.

MSUSI: Usilie. Bado nina hasira, usinilize kabla sijamaliza. Huyo mtoto wa kwenye hadithi ana umri gani?

CHIRIKU: Kishungi ndiye.

MSUSI: Nakuuliza umri. Anamkumbatia mwanasesere. Mwanasesere gani? Yule uliyemtuma alikatika shingo zamani, akamzika hapa uani, tena na mazishi nilihudhuria. Kishungi anavaa kiatu kikubwa kuliko changu. Juzi kanipita bega. Na hizo nywele unazomsukia kwenye karatasi hana.

CHIRIKU: Hana kivipi?

MSUSI: Amenyoa. Zote. Kichwa kama yai.

CHIRIKU: Kishungi? Nywele zile? Lakini picha—

MSUSI: Kwenye picha si anafunga kitambaa? Umewahi kujiuliza ni cha nini? Aliniomba nisikuambie. Alikaa pale kitini pangu, pa wateja, akasema mama mkubwa, ninyoe. Nikakataa. Akasema kichwa ni changu. Nikamnyoa huku nalia, yeye anacheka.

CHIRIKU: Mungu wangu. Jina lake lenyewe...

MSUSI: Jina tunamwita bado. Kuna jambo lingine. Amevunja ungo.

CHIRIKU: Nini?

MSUSI: Amevunja ungo, mdogo wangu. Mwanao ni mkubwa. Nilimkalisha mimi, nikamweleza mimi.

CHIRIKU: Na hilo pia hukuniambia! Mimi ni mama yake! Dada, hilo ni langu!

MSUSI: Ni lako, na ndiyo maana sikulisema. Alisema atakuambia mwenyewe. Anasubiri siku mtakayoongea bila haraka.

CHIRIKU: [mtandao unakwaruza]

MSUSI: Haloo? Umekatika?

CHIRIKU: Nipo.

MSUSI: Sikukusudia kukuchoma.

CHIRIKU: Umenichoma lakini. Acha. Ngoja nikuambie na mimi. Unajua kule kwenye mashine yanakuja mashuka ya wodi ya watoto? Madogo, yana picha za wanyama. Msimamizi anataka tukunje haraka. Mimi nikiyapata yale nayakunja polepole. Wamenionya. Nikifunga macho naona kichwa cha Kishungi juu ya lile shuka, na kichwa chenyewe ni kidogo, kina nywele. Sasa unaniambia ni yai, kakupita bega. Mimi nimemwandika mtoto ambaye hayupo, dada.

MSUSI: Yupo. Ila amekua bila kukuuliza.

CHIRIKU: Ndiyo maana namtaka. Nikingoja tena nitapokea mwanamke mzima uwanja wa ndege, tunapeana mikono kama wageni.

MSUSI: Hilo nalielewa. Silipendi, lakini nalielewa.

CHIRIKU: Mwalimu anasema wanawake wote duniani tumeshikana mikono. Nilipenda kweli aliposema vile.

MSUSI: Mwalimu ana watoto?

CHIRIKU: Mmoja.

MSUSI: Saa hizi akiwa ukumbini, mtoto yuko na nani?

CHIRIKU: Na dada yake Mrefu. Wanapokezana na Mrefu, siku zao za mapumziko.

MSUSI: Na watoto wa Mrefu?

CHIRIKU: Wako kwao, na mama yake.

MSUSI: Na wako yuko kwangu. Naona. Ni kweli mmeshikana mikono, tatizo ni kwamba kila aliye mwisho hana wa kumshika. Mimi nikiachia huyu, nashika nini?

CHIRIKU: Dada...

MSUSI: Nijibu. Niliyemkataa ameoa, ana watoto watatu, akipita hapa ananisalimia kwa heshima kama mimi mamake. Huyu akiondoka nani atanivua miwani nikilala nayo? Nani atanikatiza nikiongea? Umeandika nikarudi nyumbani mwepesi. Mwepesi, Chiriku! Nitarudi kwenye nyumba ile na sahani moja. Inaniuma. Nakuambia kwa mdomo, maana ulimi wangu si mzito: inaniuma mpaka kwenye vidole. Sitaki aende. Sitaki!

CHIRIKU: Njoo na wewe.

MSUSI: Nije kama nani?

CHIRIKU: Niliomba. Haki ya Mungu niliomba. Nilimwambia yule mama wa dirishani, kwenye ofisi ya vibali, kwamba ana mama wawili, mdogo na mkubwa, na mkubwa ndiye aliyelea. Akauliza, huyo ni mzazi? Nikasema, kwetu mama mkubwa ni mama. Akaniangalia, akaandika kitu, akasema mama mkubwa si mzazi.

MSUSI: Basi mimi ni nini?

CHIRIKU: Hakusema.

MSUSI: Ungemwambia aje aulize huku mtaani.

CHIRIKU: Ningemleta kwa nguvu. [kwa mbali] Ndiyo, mwalimu. Ndiyo, nakuja. —Dada, Kimya anamaliza. Nafuata mimi.

MSUSI: Na kibali kinasubiri?

CHIRIKU: Asipoingia kabla shule hazijafunguliwa kinakufa. Hawatoi kingine, akishakuwa mkubwa hawatoi.

MSUSI: Kwa hiyo mwenzangu una haraka kwenye hadithi na haraka kwenye mtoto.

CHIRIKU: Niambie nisisome, sitasoma. Nitapanda pale niwaambie msusi amekataa, nishuke. Wote wataelewa, ndilo sharti.

MSUSI: Usisome hiyo.

CHIRIKU: Sawa. [anapenga kamasi] Sawa, dada. Sisomi.

MSUSI: Nimesema usisome hiyo. Una kalamu?

CHIRIKU: Ninayo.

MSUSI: Geuza karatasi. Andika ninavyokuambia, usitie chumvi. Andika, siku ya kuondoka mdogo mtu, msusi alikuwa chooni, amefungulia bomba.

CHIRIKU: “...amefungulia bomba.” Ndiyo.

MSUSI: Andika, alipata mchumba muuza magodoro, na alimpenda.

CHIRIKU: “Na alimpenda.”

MSUSI: Usiseme alikuwa huru. Usiseme hakuwa huru vilevile, hilo waulizane wenyewe huko. Andika, mtoto alikua, akanyoa nywele zake, na msusi ndiye aliyeshika wembe.

CHIRIKU: Polepole, dada, kalamu haikufikii.

MSUSI: Andika, siku moja akapigiwa simu, akaambiwa mtoto anatakiwa na mama yake. Msusi akakataa.

CHIRIKU: Niandike ulikataa?

MSUSI: Andika nilikataa! Nilikataa uani, karibu na pipa, mteja akiwa ndani na nusu kichwa. Nilikataa kwa sauti mpaka jirani akachungulia. Anachungulia sasa hivi. —Hatujambo, jirani! —Umeandika?

CHIRIKU: Nimeandika. “Msusi akakataa.” Halafu? Dada, mwalimu amesimama hapa, anataka simu yake. Halafu nini? Niishie hapo?

MSUSI: Huyo anakuja.

CHIRIKU: Nani?

MSUSI: Kishungi. Namwona kule juu barabarani, viatu mkononi, soksi zimejaa vumbi, mkorofi huyu. Anaongea na wenzake, anarusha mikono kama wewe. Leo amevua kitambaa. Chiriku, ungemwona kichwa chake kwenye jua, kinapendeza, sikuwahi kumwambia.

CHIRIKU: Nipe nimsikie. Hata nje tu, asogee nimsikie sauti.

MSUSI: Simu ni ya watu, na wewe una haraka. Mpigie jioni kwa simu yako, ukae chini, usiwe na kazi nyingine.

CHIRIKU: Nitakaa. Nitakaa mpaka achoke yeye.

MSUSI: Sasa andika mwisho. Andika, msusi akakumbuka kwamba yeye amekataa na mdogo wake ametaka, na hakuna kati yao aliyemuuliza mtoto.

CHIRIKU: “...aliyemuuliza mtoto.” Kwenye hadithi yangu hakusema hata neno moja.

MSUSI: Hata moja. Nilisubiri aseme, nikakuta yuko mlango wa vioo.

CHIRIKU: Na akisema hataki?

MSUSI: Utalia wewe.

CHIRIKU: Na akisema anataka?

MSUSI: Nitalia mimi, na nitamnunulia sweta. Zamu zetu zitajulikana leo jioni.

CHIRIKU: Dada, nimekwishaitwa. Niwaambie amesema nini? Watu watataka kujua mwisho.

MSUSI: Waambie mwisho haupo. Waambie mtoto ndiyo kwanza anaingia getini, anavua begi, anauliza kuna chakula gani.

CHIRIKU: Kwa hiyo ni ndiyo?

MSUSI: Ndiyo ya kusoma nakupa, isome. Ile nyingine si yangu. —Abee, mwanangu! Niko uani! —Kata, Chiriku. Kata nifute uso, asinikute hivi.

CHIRIKU: Dada, subiri, mwambie—

MSUSI: Nitamwambia utakaa naye jioni. Nenda, watu wanakungoja. Kwaheri, mdogo wangu. Usisome haraka.

CHIRIKU: Dada—

[simu imekatika]